Maji Yanayorudi

Kama umewahi kupanga nyumba moja na Gustave, basi hata ukiamshwa usingizini unaweza kueleza jinsi maji ya bustani ya burudani yanavyoendeshwa. Mimi nimepanga naye Bellevue, hapa Johannesburg, chumba changu na chake ukuta mmoja, na naweza. Alikuwa hangoji kuulizwa. Ukimkuta jikoni anasugua sufuria, atakueleza. Ukimsalimia tu kwenye korido, umekwisha.

Kazi yake ilikuwa kwenye bustani moja upande wa kusini wa jiji, kwenye mchezo wa magogo. Watu wanakaa ndani ya mtumbwi wa plastiki uliotengenezwa kama gogo, wanapandishwa juu kwa mkanda, wanazunguka kwenye mfereji, halafu wanaporomoka hadi kwenye ziwa dogo chini huku wakipiga mayowe. Watoto wanaona gogo. Gustave alikuwa anaona maji. Pampu zinayavuta kutoka lile ziwa, zinayapandisha juu, yanashuka na mfereji, yanarudi ziwani. Njiani yanachujwa kwenye matangi ya mchanga, yanatiwa klorini, na Gustave anayapima ndani ya kichupa mpaka rangi imridhishe. Jioni pampu zikizimwa, maji yote yaliyokuwa juu yanateremka kwa pamoja, kwa hiyo ziwa lazima liachiwe nafasi ya kuyapokea, la sivyo litafurika hadi kwenye vibanda vya aiskrimu. Alikuwa amechora alama ukutani pale maji yanapotakiwa kuishia. Alivyoisifu alama ile, ungedhani ni binti yake amefaulu mtihani.

"Maji yetu haipoteaka, Maman Mwatumu," ananiambia. "Inapotea ile kidogo jua inakunywa, na ile batoto banabeba ndani ya masuruali. Kila mutoto anarudiaka kwao na kopo yangu moja."

Mwaka wa ukame, 2016, alizidi. Jiji lilikuwa limekataza watu kumwagilia maua mchana na kuosha magari kwa mpira, na bwawa la Vaal, tunalolitegemea kwa maji, lilikuwa linazidi kunywea. Kule kazini kwao hata maji ya kuoshea ule mchanga wa kuchujia, ambayo zamani yalimwagwa, sasa yalituamishwa kwenye tangi na kurudishwa. Gustave akawa anatembea Bellevue kifua mbele. Mtu ametoka Bukavu, Kongo, kwa mguu na kwa malori, amelala miaka kwenye karatasi za ukimbizi, mwache ajivunie kitu kimoja. Hivyo ndivyo nilivyosema wakati ule.

Mkewe, Marthe, alikuwa msusi mtaa wa Rockey mpaka saratani ya damu ilipomkalisha ndani. Dawa zilimnyonyoa nywele yeye aliyesuka za wenzake. Nesi alimwonya asiguse maji machafu hata kidogo, kwa sababu mwili wake hauna tena cha kujikingia. Gustave akiwa kazini na binti yao Carmel akiwa shule, mimi ndiye niliyekuwa naingia kukaa na Marthe. Marthe ndiye aliyenieleza mambo ya kanisa lao, maana mimi ni Mwislamu wa Tanga na ya kwao siyajui.

Alibatizwa akiwa mchanga kwao Bukavu, kwa Wakatoliki, matone matatu kwenye paji la uso. Kanisa alilojiunga nalo huku halihesabu matone. Kwao lazima uzamishwe mwili mzima, tena katika maji yanayotembea, siyo ya pipa wala ya bwawa la kuogelea. Walikuwa wanabatizia mto Jukskei. Mwaka ule mto wenyewe ulikuwa umebaki mchirizi unaonuka, na Marthe kuingizwa mle ilikuwa sawa na kumuua. Na ambaye hajabatizwa kwao, kanisa halimziki. Pasta hasimami kaburini, kwaya haiji.

"Kufa nilishaitika, Maman Mwatumu," aliniambia siku moja nikimkanda miguu. "Kuzikwa kimya, hapana. Mama yangu batu balimuimbia mpaka masauti ikaisha. Miye huku naogopa kufukiwa bila wimbo, sawa vile mutu asiyejulikana."

Gustave aliposikia hilo akapata wazo, na kusema kweli lilikuwa wazo zuri. Maji yake si yanatembea? Tena ni safi kuliko ya bomba. Akaenda kwa meneja wake, akamwomba siku ya Jumatatu bustani inapofungwa, na meneja akasema sharp, yaani sawa, mradi wasivunje kitu. Pasta Exaucé akakubali kuja. Mimi nikashona kanzu nyeupe ya ubatizo, na nililazimika kuipunguza mara mbili kabla ya siku kufika kwa jinsi Marthe alivyokuwa anakonda. Mara ya pili nilimwambia kitambaa ndicho kimevutika.

Siku hiyo walikuja na basi dogo la kukodi, wote wamevaa nyeupe, kwaya mbele. Nami nilikwenda ili nimvalishe Marthe. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya mfereji, pale watu wanapopandia magogo, maana hapo maji yanafika kiunoni tu. Gustave akawasha pampu. Yakaja, safi, yanameremeta, yanasukuma miguu ya pasta aliyekuwa amekwisha kuingia. Marthe alicheka. Tangu augue nilikuwa sijamwona akicheka kwa meno yote, na nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Pasta akatia mkono majini. "Ndugu Gustave, hii maji inatembea?"

"Inatembea, Pasta."

Angeishia hapo! Neno moja lilitosha, na mke wake angezama, angetoka, mambo yangekwisha. Lakini mtu ameulizwa swali juu ya maji yake, mbele ya kanisa zima, mke wake anamtazama. Kifua kikamjaa. Akaanza: pampu ile pale, inavuta kutoka ziwani, inapandisha, inashuka, inapita kwenye mchanga, inarudi. "Ni hii hii tangu msimu kuanza, Pasta. Hatumwage hata ndoo. Inazunguka tu."

Nilimwona pasta akiutoa mkono taratibu.

"Inarudia hapa hapa?"

"Inarudia! Yote!" alisema Gustave, bado anatabasamu.

Pasta Exaucé si mtu mbaya. Natamani angekuwa mbaya, ningemchukia vizuri. Alitoka majini akapiga magoti mbele ya kiti cha Marthe, suruali inamchuruzika, naye analia. "Mama, maji ya ubatizo inabebaka zambi ya mutu, inaenda nayo mbali. Hii inazunguka. Nikikuzamisha humu, inakurudishia. Siwezi kukudanganya."

"Lakini tunachuja, Pasta!" Gustave alikuwa ameshika bomba la pampu kwa mikono miwili. "Tunatia klorini! Hakuna kitu kinapona mule!"

"Klorini haiuaka zambi, ndugu yangu."

Hakuna aliyecheka. Mimi, mdomo wangu huu ambao mtaa mzima unauogopa, nilisema kwa sauti kwamba mama huyu anakufa, mzamisheni kwenye hayo maji basi, Mungu atajua ya kufanya nayo. Wakaniangalia kwa adabu kama mgeni asiyejua anasema nini. Pasta akasema tungojee mvua. Mvua zikinyesha kutakuwa na mto safi mahali fulani mbali na jiji, na yeye mwenyewe atambeba Marthe mgongoni ikibidi. Kwaya ikarudi kwenye basi. Gustave alizima pampu, na maji yote yakateremka ziwani yakatulia kwenye alama yake.

Tukangoja mvua. Sijapata kuitazama mbingu ya Johannesburg kwa chuki kama nilivyoitazama miezi ile. Kila siku bluu, kavu, haina aibu. Gustave alikwenda kwa pasta tena na tena, na kila mara aliambiwa lile lile kwa upole ule ule. Marthe aliacha kuuliza. Aliingia ndani ya ule ugonjwa akafunga mlango nyuma yake, na hata Carmel, aliyekuwa akimsomea habari za mtandaoni kwa Kiingereza, alijibiwa kwa kichwa tu.

Siku chache kabla ya kufa aliniita nikainama.

"Ile kanzu, usinivalishe."

"Nimeishona kwa ajili yako, Mama Carmel."

"Ni ya waliobatizwa. Usinipeleke kule na uongo."

Tulimzika na gauni lake la kitenge. Watu wa kanisa walileta chakula nyumbani, walifagia, walilia kweli kweli. Kaburini hawakufika. Tulikuwa Gustave, Carmel, mimi na majirani wawili watatu, na wafanyakazi wa makaburini walikuwa wanafukia kwa haraka wahamie shimo jingine. Udongo ulikuwa mkavu, ulianguka kwa kishindo. Carmel akajaribu. Kiswahili anakisikia lakini hakimtoki, kwa hiyo alianza wimbo wa shuleni kwao, wa Kizulu. Mstari wa kwanza haukwisha sauti ikamkatika. Akamgeukia baba yake amsaidie. Gustave alikuwa haujui ule wimbo, nami sikuujua, wala majirani hawakuujua. Tukasimama vile vile mpaka kazi ikaisha.

Mvua ilinyesha kabla mwezi haujaandama tena. Ilinyesha kwa fujo, barabara zikajaa, magari yakasombwa. Nilikaa mlangoni nikalia kwa hasira.

Sasa ni 2018 na ukuta wetu umenyamaza. Gustave bado yuko kule kule kwenye magogo, lakini haelezi tena kitu. Wapangaji wapya wanamjua kama yule Mkongo asiyependa maneno, na nikiwaambia alivyokuwa wanadhani nawatania. Kanzu iko kwangu, chini ya vitambaa. Mkono unakataa kuikata.

Mara moja tu alizungumza. Alikuja asubuhi na ovaroli lake, akasimama nilipokuwa nashona, akaiangalia sindano ikipanda na kushuka.

"Maman Mwatumu, Pasta aliniuliza kama inatembea. Si ndiyo?"

"Ndiyo, Baba Carmel."

"Nilijibu, inatembea. Kama ningenyamazia pale."

Nilitaka kumwambia kwamba pasta angegundua tu, kwamba mtu mwingine angesema. Lakini waliojua tulikuwa sisi wa nyumbani tu, na hakuna kati yetu ambaye angesema, naye alijua kwamba najua hivyo. Nikasimamisha cherehani, kitambaa cha watu mkononi.

Akaitikia kwa kichwa kama aliyejibiwa, akaenda kuwasha pampu.