Karani Aliyeezeka Kuanzia Juu

Marehemu kaka yangu, Mungu ampumzishe, hakuwahi kumwamini fundi yeyote isipokuwa yule aliyekuwa ndani ya suruali yake mwenyewe. Mtaa mzima ulimwita Karani. Alikaa masjala miaka thelathini na miwili, na alipostaafu aliondoka na kalamu nyekundu na tabia ya kusahihisha barua za watu.

Ubavuni mwa nyumba yake kulikuwa na gereji. Gari liliuzwa zamani, na humo wifi yangu aliweka cherehani akashona sare za shule. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu, ukisimama katikati unaona mawingu. Mvua zilipokaribia, wifi akasema bila kupandisha sauti kwamba tone moja likiangukia kitambaa cha watu, anahamia chumba cha sokoni, atoke asubuhi arudi jioni. Kaka akacheka, lakini chai hakuimaliza, akaenda kuyahesabu matundu ya paa. Tangu astaafu, mlio wa ile cherehani ndio uliokuwa ofisi yake. Bila huo angebaki na saa ya ukutani.

Akaunda kamati ya ujenzi. Mwenyekiti yeye, katibu yeye, mhazini yeye, na huyo mhazini alikuwa mkono wa birika. Mabati yalitoka kwa mtu aliyebomoa banda la kuku. Misumari ya zamani ikanyooshwa kwa nyundo juu ya jiwe. Ngazi ikaazimwa kwa jirani yetu seremala, aliyeombwa alete ngazi tu, maneno ayaache kwake.

Kaka akapigilia safu ya kwanza juu kabisa, kwenye ukuta wa nyumba, kisha akashuka safu kwa safu, kila bati jipya likikalia mkia wa lile lililotangulia. Seremala alivumilia hadi safu ya pili.

"Karani, mbona unaanzia juu?"

"Umewahi kuona barua inayoanzia kwenye sahihi?" kaka akajibu bila kugeuka.

Mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi, nikimwomba Mungu asianguke. Sikukumbuka kuyaombea mabati.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, mvua ikaja. Maji yaliteremka kwa adabu hadi mwisho wa bati la juu, yakapita chini ya lililofuata, yakaingia ndani. Paa la zamani lilivuja, hili lilimimina. Tulikimbiza vitambaa sebuleni, wifi akaifunika cherehani kwa shuka. Alichukua mkasi, futi na vibweta vya nyuzi, akaanza kuvifunga furushi.

Kaka aliliangalia lile furushi, kisha akatoka mvuani kichwa wazi hadi mlangoni kwa seremala. Nilimfuata na mwavuli, ndiyo maana nilisikia.

"Jirani, nimekosea."

Huyu ni mtu ambaye miaka yote kazini aliandika tu kwamba "imeonekana kuna kasoro". Seremala angeweza kumcheka mpaka jioni.

"Umekosea wapi?"

"Mwanzo."

"Basi kesho tunaanzia chini, bati la juu lilalie la chini. Ukiandika barua, mimi sitakuingilia."

Wakabomoa na kuezeka upya siku mbili. Matundu ya misumari, ya kaka na ya kuku, yakazibwa kwa lami, paa likaonekana kama limetoka kuugua ndui. Jumapili, tuliporudi kutoka kusali, mvua ikarudi nayo. Wifi akaketi gerejini na kitambaa cheupe mapajani, macho juu, kama anayesubiri majibu ya mtihani. Mvua ilipokatika alikipapasa chote kwa viganja. Kikavu. Akalifungua furushi.

Kuanzia hapo kaka alikaa kushotoni kwake, akimkatia nyuzi na kumwonyesha vifungo vilivyopinda, naye akimwambia anyamaze. Waliishi hivyo miezi saba, hadi Mola alipomwita. Wifi bado anashona humo. Akimaliza shati hulinyanyua upande wa kushoto likaguliwe, kisha hulikunja taratibu.