Mafundo ya Kamba ya Mzee wa Geti

"Shangazi, kwa nini yule mzee wa getini unamwamkia huku unaangalia chini?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi, msichana wa miaka minane, ameletwa kuona bwawa. Shangazi akajifanya hakusikia. Akamnunulia soda, akadhani yameisha.

Hayakuisha. Yule mzee, kabla ya kukaa getini, alikuwa mpimaji. Kila Jumatatu alipanda mashua, akashusha kipimo majini kwa kamba yenye fundo kila mita, akaandika joto na oksijeni ya kila kina. Ndiyo maana wakamwita Mzee Mafundo. Shangazi yeye alikaa ofisini na modeli: bwawa zima ndani ya kompyuta, limekatwa matabaka kama keki. Unaipa jua, upepo na mito inayoingia, nayo inakwambia maji mazuri yako kina gani, ili mafundi wajue wachote kwa mlango wa juu, wa kati au wa chini.

Mwaka wa kwanza wa Shangazi kazini, Mzee Mafundo alimjia na karatasi iliyolowa.

"Binti, kuanzia mita tisa kwenda chini maji hayana oksijeni. Yananuka kama yai viza. Waambie wafungue mlango wa juu."

Modeli ilisema mita ishirini.

"Baba, umehesabu mafundo vibaya."

"Kamba hii nimeifunga mwenyewe!"

"Kompyuta haichoki, baba. Mikono ndiyo inachoka."

Wenzake wakaangua kicheko. Shangazi akazifuta namba za mzee, mlango wa kati ukabaki wazi. Keshokutwa yake mabomba ya mji mzima yakatoa maji meusi yanayonuka, siku nne mfululizo. Wakubwa wakauliza nani kakosea. Shangazi akasema, kwa sauti ndogo, kwamba vipimo vya mashuani havikuwa vya kuaminika. Mzee akapelekwa getini.

Siku ya tano ndipo Shangazi alipogundua. Upepo alioilisha modeli ulikuwa umepimwa uwanja wa ndege, kule tambarare. Bwawa limejificha kati ya vilima, upepo haufiki, maji hayakorogeki, hewa haishuki chini. Akaurekebisha upepo, modeli ikasema mita tisa. Akafunga kompyuta, akafunga na mdomo.

Toka siku hiyo, kila asubuhi:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama kompyuta! Bwawa limekwambia nini leo?"

Mzee alicheka bila kinyongo, na Shangazi akapita huku akiangalia chini. Kwenye kibanda cha geti, ile kamba ilining'inia kwenye msumari.

Miaka minane baada ya lile swali, msichana akaja tena, sasa yuko kidato cha tatu, na daftari la kazi ya shule. Wakamkuta mzee anafungasha, Ijumaa anastaafu.

"Mjukuu, uje uwe mpimaji," akamtania. "Ila ujue kuhesabu, wasije wakakutupa getini kama babu yako." Akaigusa kamba. "Zamani nilikuwa nabisha. Siku hizi nasema, labda kweli niliruka mafundo."

Shangazi akamshika mtoto bega, lakini macho akayainua kwa mzee.

"Uliniuliza kwa nini naangalia chini. Kwa sababu hakuruka hata fundo moja. Aliyekosea ni mimi, nikajua siku ya tano, nikanyamaza. Baba, nipe hiyo kamba. Naenda nayo kwa mkurugenzi sasa hivi, nikaseme ukweli."