Mawe ya Mlangilangi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa kofi mkononi. Nilikuwa nimeyanyunyizia maji maua ya langilangi. Bibi wa Meza, ndivyo tulivyomwita mwenye meza ya maua pale Kariakoo, akafoka: "Unaosha mchicha? Ua hili likilowa linakuwa jeusi!" Shule niliiacha darasa la tatu, lakini somo hilo nililimaliza siku ileile.

Tulisuka vikuba, vile vishada vya rehani, asumini na langilangi ambavyo mwanamke hupachika kifuani. Bila langilangi, kikuba ni majani tu. Ua unalichuma alfajiri, likishakuwa la manjano. La kijani halinukii.

Baadaye Bibi akanihamishia nyumbani kwake Magomeni, kwenye mlangilangi wake. Mti huu ukiuachia unakimbilia juu, maua unayapata kwa pua tu. Nilikata kilele, nikafunga mawe kwenye matawi machanga, nikayavuta chini kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hadi nikawa nachuma nimesimama.

Zuhura alikuja kazini baada yangu. Yeye alikaa mezani, anasuka na kutaniana na wateja. Maharusi wa Upanga walimtaka yeye. Mimi hawakunijua hata jina.

Bibi alipochoka, meza na mti akampa Zuhura.

"Zuhura ana mdomo wa biashara," aliniambia. "Wewe una mikono."

Mikono! Kwa mikono hiyo nikafungua meza yangu Mnazi Mmoja, nikanunua maua kwa watu, nikajenga nyumba. Lakini kila nilipomwona Zuhura anachuma bila hata kunyoosha bega, roho iliniuma. Umbo la mti ule ni kazi yangu. Inaniuma mpaka leo, sifichi.

Nimeshastaafu. Mwaka huu Zuhura akaja barazani kwangu.

"Dada Mwajuma, mti umenikimbia. Matawi yote yako juu. Njoo uuvute."

"Si una mdomo? Uite ushuke."

Akacheka. "Mjukuu wako anaolewa baada ya Idi. Avae kikuba cha majani?"

Hapo alinipata. Nilikwenda na kamba na mawe yangu. Nikafunga tawi moja tu, bado changa, la upande wa barabara, nikawa narudi kila Ijumaa kuliongezea uzito. Alfajiri ya harusi nikachuma nimesimama, kama zamani.

"Mashallah," Zuhura akasema. "Na mengine utayafunga lini, dada?"

Nyinyi mabinti mnaoanza kazi leo mtaambiwa uzee unatuliza moyo. Wangu haukutulia. Nilifungua kamba, jiwe baada ya jiwe. Tawi likapanda taratibu, likapita kichwa cha Zuhura, likapita mkono wake alioutupa kulidaka.

Mjukuu wangu alinukia ukumbi mzima. Mawe ninayo. Naegeshea mlango.