Kikombe cha Mgombea

Nilipanda gari moshi Nakuru, nikalala kwenye benchi la mbao hadi Mombasa, nikavuka Likoni, kisha nikakaa juu ya magunia katika lori la unga liendalo Msambweni. Nilifika na mchanga kwenye meno. Nilikuwa nimetumwa nimtengenezee njia mgombea wa Baraza la Kutunga Sheria, mtu ambaye magazeti yalikwisha kuanza kumtaja kuwa ataiongoza nchi siku moja. Akishinda, ningekuwa karani wake. Nilikuwa nimechoka kuhamahama.

Nilipanga chumba kwa mama mjane aliyeuza vitumbua. "Huyo bwana wako," aliniuliza, "ni mtu wa watu?" Nikamwambia ndiye hasa.

Mgombea alipokuja, wazee walitandika mikeka barazani. Muuza kahawa akammiminia kikombe cha kwanza. Mgombea akaweka mkono kifuani, akashukuru, akakisogeza kando. Kisha akafungua chupa yake, akanywa maziwa aliyokuja nayo. Mimi nilijua ana vidonda vya tumbo, lakini alikuwa amenionya nisiseme: mgonjwa hapigiwi kura. Akahutubu vizuri juu ya ardhi na shule. Macho yote yalikuwa kwenye chupa, na wazee wakaanza kunong'onezana.

"Mwamwona? Amekuja na chake."

"Kaambiwa sisi Wadigo twaroga."

"Basi tusimpe kura zetu, zisije zikamdhuru!"

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilipofika nyumbani, habari ilikwisha kunitangulia. Nikamweleza mama ukweli. Akaacha kugeuza vitumbua.

"Mgonjwa? Mbona hakusema mwenyewe? Nani angemlazimisha mgonjwa kahawa, mwanangu?"

Tangu siku hiyo, nikipita barazani mazungumzo yalikatika, na mimi nikaanza kumshuku kila aliyenisalimu kwa kicheko.

Wiki iliyofuata akaja mpinzani wetu. Akanywa kikombe, akaomba cha pili, akaapa kwamba kahawa ya Msambweni haina mfano. Wanawake wakapiga vigelegele. Cha tatu akaondoka na funda lake mdomoni. Nikamfuata kwa mbali, nikamwona nyuma ya gari lake akilitema na kusukutua. Nikarudi mbio kumwambia muuza kahawa.

"Bwana karani," akasema, "wewe mwenye macho ya kuona nyuma ya magari, chupa ya bwana wako hukuiona?"

"Lakini ametema!"

"Hata kama ametema, amejificha. Hiyo ni heshima."

Kura zilipohesabiwa, mtu wangu alishindwa. Yule mwingine akaenda Nairobi, na magazeti yakawa na jina jipya la kutaja.

Siku niliyoondoka, mama alinifungia vitumbua katika jani la mgomba. Nikingoja lori, muuza kahawa akanisogezea kikombe. Waliokuwa wakingoja nami wakanitazama. Nikanywa yote, mpaka mashapo.

"Huyu," mmoja akasema, "tungalimpa kura."

Wakacheka tena. Sikuweza kujua kama wananisifu au wananikejeli. Nikapanda juu ya magunia, na sikurudi tena.