Nilivyomlaza Shemeji Kawangware

Hadi leo nikipita kituo cha magari cha Kawangware 56 nakutana na watu wanaocheka na kuniita "yule mama wa ngeta", na kila mara damu inanichemka. Haikuwa ngeta. Ngeta ni ya wakora wanaomkaba mtu kwa nyuma ili wamwibie. Na sioni cha kucheka.

Mwaka ule wa mvua za El Nino nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Niliishi kijiji cha Raila, Kibera, na kila asubuhi nilitembea hadi 56, ambako nilikuwa msusi katika saluni ya mabati. Dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama kufariki kule kwetu Kakamega, alikuwa ameolewa Riruta. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa kwaya, mtu wa kusalimia kila mmoja kwa mikono miwili. Na alikuwa akimpiga dada. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyemsuka, na kichwa hakimfichi msusi kitu: uvimbe nyuma ya sikio, mahali nywele zimeng'olewa na mizizi yake.

"Nilijigonga kwa dirisha," aliniambia.

"Hilo dirisha lina vidole?"

Akajifunga kitambaa kichwani.

Nilikwenda kwa wazee wa kanisa lao nikawaeleza. Wakaniambia nitafute mume wangu, niache wa wenyewe. Nilitoka pale na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye maranda.

Nyuma ya saluni yetu kulikuwa na karakana ya seremala. Jumamosi alasiri wanaume kama kumi walitandaza turubai juu ya maranda ya mbao, wakawa wanaviringishana chini. Mwalimu wao alikuwa Mnubi wa Kibera, mfupi, wa makamo, aliyewahi kutunza bustani ya mgeni mmoja kutoka Brazil, kule Lavington. Mgeni huyo alicheza jujitsu na alihitaji mwili wa kufanyia mazoezi, basi akauchukua wa mtunza bustani wake. Kwa miaka mitatu alimwangusha, akamkunja mikono, akamkaba hadi macho yakaingia giza, kisha akamrudisha kwenye maua. Hakumfundisha hata neno moja.

"Lakini mwili ulikuwa unasoma," mwalimu alituambia, bila uchungu wowote. Uchungu nilimbebea mimi.

Historia ya mchezo mwalimu aliidaka bosi wake, yule Mbrazil, akiwasimulia wageni. Mchezo ulianzia Japani, kwa askari wa zamani waliohitaji kujiokoa silaha zikiwaponyoka. Baadaye Mjapani mmoja akauvusha bahari hadi Brazil. Huko ukaingia katika familia iliyokuwa na mtu mwembamba, mgonjwamgonjwa, asiye na nguvu za kumwinua mwenzake, na kwa ajili ya watu kama yeye ukawa mchezo wa kupigania chini, ambako uzito wa mtu haumsaidii sana.

Nilipoomba kujiunga, wanaume waliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliniambia nilale chali, akamwita jamaa mmoja mnene anikalie tumboni.

"Sasa utafanya nini?"

"Nitamsukuma."

"Utachoka bure. Yeye mwache hapo alipo. Sogea wewe. Anza na kiuno."

Nilijifunza kwa miezi minane. Kufunga miguu kiunoni mwa mtu aliye juu yangu na kukivuta kichwa chake kifuani, ngumi zikose nafasi. Kumkunja mkono hadi apige turubai kwa kiganja, ishara ya kwamba amekubali, nawe unamwachia papo hapo. Kukaba kwa kuibana mishipa ya pembeni mwa shingo, si koo. Mgongo uliokuwa ukiniuma kwa kusimama nikisuka ulipona. Nilianza kupata usingizi. Kubwa zaidi, nilizoea kulaliwa na mtu mzito huku napumua taratibu, nikifikiri.

Alhamisi moja, saa sita mchana, dada aliingia saluni na mfuko wa nguo. "Nimetoka," alisema. "Sirudi." Hata hajakaa, mumewe akaingia, akamshika nywele nilizosuka kwa mikono yangu, akaanza kumburuta. Mlangoni watu walijaa: kinyozi, muuza makaa, wateja wa hadweya ya jirani waliokuja kununua misumari. Hakuna aliyefungua mdomo.

Niliingia katikati. Akanisukuma, nikaanguka, akanirukia na ngumi mbili za uso. Ya tatu haikufika. Nilifunga miguu, nikamvuta kichwa. Alipojaribu kuinuka niliupitisha mkono wake mbele ya kifua changu, nikajitoa kando, nikajikuta mgongoni pake, kiwiko changu kiko chini ya kidevu chake.

Hapo ndipo wale wa mlangoni walipopata sauti. "Mwachie! Utamuua!"

"Mlikuwa wapi?" niliwapigia kelele. "Saa hii yote mlikuwa wapi?"

Alilegea. Nilimwachia mara moja, nikamwinulia miguu kama nilivyofundishwa, na baada ya muda mfupi akafumbua macho. Hakuumia hata ukucha. Mimi jino langu moja lililegea, na hakuna aliyeuliza.

Jumapili wazee wa kanisa waliniita nipige magoti nimwombe shemeji msamaha kwa kumwaibisha. Sikwenda. Jumamosi iliyofuata mwalimu alinizuia kwenye lango la karakana. Mwenye karakana alikuwa wa kwaya moja na shemeji.

"Usije tena, mama. Amesema atatufukuza sote."

"Nimefanya nini ambacho hukunifundisha?"

Akaanza kulivuta lango alifunge.

"Wewe ulikabwa miaka mitatu ukanyamaza," nilimwambia, "sasa unataka na mimi ninyamaze."

"Nina watu kumi hapa. Sina pengine pa kuwapeleka."

Niliondoka bila kumuaga. Ilinichukua miaka kumsalimia tena.

Dada alihamia kwangu Raila. Asubuhi, kabla ya wateja, tulisogeza viti vya saluni nikamfundisha. Siku ya kwanza nilipomkalia alipiga mayowe, nikashuka tukaacha. Ilichukua wiki nyingi hadi aliponitoa juu yake. Nilidhani atafurahi. Aliupiga ukuta wa mabati teke, akalia, "Miaka tisa! Kumbe ningeweza kutoka pale chini!" Sikumnyamazisha.

Mwaka uliofuata shemeji alioa tena, kanisa lile lile, wazee wale wale wakimwekea mikono kichwani. Kabla ya harusi dada alimtafuta yule msichana, akavua kitambaa cha kichwa amwonyeshe kovu la nyuma ya sikio. Msichana alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru. Akaolewa vilevile.