Mche wa Thelathini na Moja

Siku ya ukaguzi, karani wa maabara ya uhandisi jeni alifika kazini kabla mlinzi hajamaliza kufungua geti. Wenzake walimwita Bi Mstari, kwa sababu kwake kosa halifutwi: unalipiga mstari mmoja, libaki linasomeka, kisha unatia saini na tarehe. Mpelekee ukurasa uliopakwa wino mweupe wa kufutia, utajuta kuzaliwa. Walimcheka, naye akijicheka, lakini madaftari yake yalikuwa safi na leo moyo ulimdunda kwa furaha. Nani asiyependa kusifiwa?

Saa tatu mambo yakatumbukia nyongo. Mtafiti mkuu, daktari mwembamba aliyehangaika miaka sita na vinasaba vya nyanya ili zihimili mnyauko, alitoka kwenye banda la vioo akihema.

"Miche ipo arobaini na saba. Daftari lako linasema arobaini na nane!"

Mche uliobadilishwa vinasaba ukitoweka bila fomu, banda linafungwa na vyote vilivyomo vinateketezwa. Miaka sita yote, majivu.

"Dada yangu, weka saba tu hapo. Nani atajua?"

"Daktari, na huo mche ukiota shambani kwa watu, nao niupige mstari?"

Mkaguzi, mzee wa miwani asiyejua kucheka, alikuwa ameshaketi ofisini. Bi Mstari aliingia na daftari lake.

"Shikamoo mzee. Kabla hujaanza kuhesabu, tumepungukiwa na mche mmoja. Hatujui uko wapi."

Daktari, aliyemfuata nyuma, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Marahaba," alisema mkaguzi. "Basi jaza fomu ya tukio. Hapa hapa, nikiona."

Maswali manne ya kwanza yalikuwa mteremko. La tano likamkaba: mche ulionekana wapi mara ya mwisho, na nani? Ilibidi arudi nyuma kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka. Mche wa thelathini na moja: umepandwa chungu kimoja na wa thelathini. Mwandiko wake. Akavuta faili la uteketezaji. Ijumaa iliyopita: vyungu vitatu vya miche iliyokauka, cha mche wa thelathini kikiwemo, vimeondolewa, miche mitatu. Mwandiko wake tena! Yeye, Bi Mstari, alikuwa amehesabu vyungu badala ya miche.

"Mashine ya mvuke ya kuteketezea!" alipiga kelele hadi mkaguzi akadondosha kalamu. "Ni mbovu tangu Ijumaa! Mfuko wa miche bado uko stoo!"

Walikimbia stoo wote watatu, na mzee wa miwani hakuwa wa mwisho. Bi Mstari alivaa glavu, akasoma kwa sauti namba ya lakiri iliyofunga mfuko, mkaguzi akaitikia kwa kichwa, naye akaikata. Mche wa kumi na mbili. Wa ishirini na sita. Wa thelathini. Na hapo, mizizi yake ikiwa imeng'ang'ania ya mwenzake, mkavu kama kijiti, wa thelathini na moja! Daktari alipiga kigelegele, mwanamume mzima. Bi Mstari alicheka huku machozi yanamtoka, wala hakujali nani anamwona.

Waliporudi mezani, kilibaki kisanduku kimoja cha chini: jina la aliyekosea.

"Andika langu," daktari alimnong'oneza. "Mimi ndiye niliyepanda miwili pamoja."

"Uliipanda, na ukaniambia. Wa kuhesabu ni mimi."

Miaka kumi na moja alikuwa hajawahi kuandikwa kwenye fomu ile. Aliandika majina yake yote matatu, kwa herufi kubwa, kisha akasukuma karatasi mbele.

Mkaguzi aliisoma kuanzia juu hadi chini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena pale chini.

"Mama," alisema akitafuta muhuri wa kibali mkobani, "nimekagua maabara tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Hiki kisanduku huwa nakikuta kitupu."