Sita Kugawanya kwa Nusu

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja kama siku zote, Mzee Évariste alikuwa amevaa kitambala cha mwanamke kichwani. Hakupenda. Lakini mke wake Clotilde alikuwa na pini mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni habishiwi.

"Inama kidogo, Papa Hervé," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Chai inapoa."

"Chai haiimbe mu chorale. Inama."

Kilikuwa kitambala cha kumi na mbili, cha mwisho. Vingine kumi na kimoja vilikuwa kitandani, vimekunjwa, bluu yenye maua ya njano, vya chorale, ile kwaya ya akina mama wa parokia ambayo Clotilde naye aliimba. Clotilde alipimia kichwa cha mumewe kwa sababu, alisema, ndicho kilichokuwa karibu, tena hakina nywele za kusumbua.

Mjukuu wao Fortunée alikuwa mlangoni anafunga viatu aende kambini kuangalia kama orodha imebandikwa. Alipomwona babu yake alicheka mpaka kamba ya kiatu ikamponyoka. Clotilde naye akacheka, pini zikamwagika, wote watatu wakapiga magoti kuzitafuta. Évariste aliokota tano. Akazitia mfukoni mwa koti, akasahau kuzirudisha. Kitambala nacho akasahau kukivua, akaenda nacho mpaka bombani.

Orodha hiyo ilikuwa ya waliofaulu kuingia génie, wanajeshi wanaojenga madaraja na kufungua barabara. Fortunée alikuwa na miaka tisa alipoona askari wakitandika daraja la chuma juu ya mto kwa siku moja, na mwanamke mmoja kati yao akipaza sauti ya amri, wanaume wanatii. Tangu hapo hakuna aliyemtoa hilo kichwani. Mwaka jana alijaribu. Alikimbia vizuri, akabeba mzigo vizuri, akaanguka hesabu. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake. Mwakani umri wake ungepita kipimo, na basi.

Walimpa karatasi ya mambo ya kujifunza kabla ya mtihani. Alirudi nayo nyumbani uso umeshuka. Shule alikuwa ameimaliza miaka mingi nyuma.

"Nkambo, hesabu zote zililala," alimwambia bibi yake.

"Zikilala zinaamushwa," Clotilde alisema. "Lete hiyo karatasi."

Clotilde aliacha shule mwaka wa tano wa primaire. Évariste hakuingia hata wa kwanza; alivunja mawe Kakontwe miaka thelathini na moja, na herufi alizijua uzeeni, moja moja, mkewe akimshika mkono. Lakini miaka arobaini ya kukata nguo za watu si mchezo. Robo ya kiuno, nusu ya mgongo, vyote hivyo Clotilde alikuwa navyo vidoleni. Kila asubuhi aliweka kazi kando, akavuta kiti, wakaanza.

Siku moja ilifika hesabu ya vivuli, kutafuta urefu wa kitu kwa kivuli chake. Saa nne, jua kali, Clotilde akamtoa mumewe nje na kumsimamisha kando ya poto, nguzo ya umeme.

"Usitingishike."

Wakapima kivuli chake kwa utepe wa kushonea: sentimeta themanini. Yeye mwenyewe: metre moja na sitini. Wakapima kivuli cha poto: metre nne. Kisha wakaanza kubishana, na hakuna aliyemwambia Évariste atoke juani. Jirani yao Fidèle alikuwa anapita na kinga, baiskeli yake, akasimama.

"Papa Évariste! Mama alikupatia punition kama mutoto wa shule?"

"Apana. Niko mu hesabu."

"Na jibu?"

"Bado banatafuta."

Fidèle alicheka mpaka kinga ikaanguka. Fortunée akainua kichwa kutoka kwenye daftari. "Nilipata! Kivuli ni nusu. Poto iko metre mbili!"

Clotilde alitazama juu, pole pole, mpaka kwenye nyaya. "Metre mbili? Basi Papa Hervé anaweza kuanika suruali yake kule bila kupanda ngazi."

Hapo ndipo walipojua ugonjwa uko wapi. Ulikuwa neno nusu. Fortunée akilisikia tu, anakata katikati, hata kama swali linataka aongeze mara mbili. Clotilde alimwandikia: sita kugawanya kwa nusu. Jibu: tatu. Akamwandikia tena kesho yake. Tatu. Siku ya tatu Fortunée alilia, akasema watu wa mtaani walisema kweli, daraja si kazi yake, heri auze makaa sokoni.

Clotilde hakumbembeleza. Kitambaa cha chorale kilikuwa kimefika siku ile, metre sita kamili. Akakitandaza mezani, akampa Évariste ashike ncha moja, akamtia Fortunée mkasi mkononi.

"Kata bitambala. Kila mama anakamata nusu metre."

"Nkambo, nikiharibu?"

"Ukiharibu, utawaambia weye mwenyewe. Metre iko sita, kila mutu nusu. Kata. Bitakuwa ngapi?"

"Ta..." Mkasi ukabaki wazi hewani.

"Sema tu. Tatu? Muzuri. Chorale iko na ba mama kumi na mbili. Tatu batavaa. Tisa bataimba kichwa wazi mbele ya padri! Na mama Élise, weye unajua kichwa yake namna iko!"

Évariste aliachia ncha ya kitambaa kwa kucheka. Fortunée hakucheka. Alikuwa anatembeza kidole juu ya meza, nusu, nusu, nusu, kuanzia kwa babu yake mpaka kwa bibi yake. Alipofika mwisho akaufunga mkasi.

"Kumi na mbili," akasema. "Haikate sita mu katikati. Inauliza nusu ngapi zinaingia ndani."

"Eeh! Njo vile!"

Alivikata mwenyewe, vyote kumi na viwili, na hakuna kilichokwenda upande.

Siku ya mtihani ilikuwa Alhamisi. Alirudi mchana anatembea kama mtu aliyebeba yai, akawasimulia. Swali la saba lilisema: kamba ya metre tisa ya kufungia miti ya daraja inakatwa vipande vya robo tatu ya metre, vipande vingapi? Alipoandika jibu na kuona ni kumi na mbili, akawaona akina mama wote wamesimama kwenye kamba ile, wamefunga vitambala. Akapasuka kwa kicheko, chumba kizima kikageuka.

"Adjudant, ule askari wa kutuchunga, alikuja mbio," alisema. "'Weye, unacheka nini? Hapa ni cinéma?' Nikamujibu: apana, mon adjudant, niko nahesabu ba mama. 'Ba mama gani?' Ba chorale, mon adjudant."

"Akasema nini?" Clotilde aliuliza.

"Aliangalia karatasi yangu. Akaangalia tena. Akasema: 'Umalize. Na ba mama banyamaze.'"

Jumamosi ile ya kitambala orodha haikuwepo. Mchana wake Clotilde alisema mkono wa kuume haushiki mkasi. Jioni akalazwa hospitali, na hakurudi tena kwenye mashini yake ya kushonea. Kwenye maziko walimwimbia akina mama kumi na mmoja, na yeye, wa kumi na mbili, alikuwa amefungwa chake. Hesabu ilikuwa sawa. Zile pini tano bado ziko mfukoni mwa koti la Évariste.

Lakini orodha aliisikia. Ilibandikwa siku mbili kabla hajaondoka. Fortunée alikimbia kutoka kambini mpaka kitandani kwake, muuguzi anapiga kelele nyuma, "Hapa hapakimbiwe!"

"Nkambo! Nilipita!"

"Ya ngapi?"

"Ya ine! Batatu tu njo bako mbele yangu!"

Clotilde alimtazama. Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Kumi kugawanya na nusu?"

"Makumi mbili, nkambo."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliokuwa bado unamtii. Akatafuta mkono wa Évariste juu ya shuka, akaushika, kisha akamwambia Fortunée:

"Wende. Ujenge daraja, bantu bapite. Lakini uhesabu muzuri: hata mama moja asibakie kichwa wazi."